Motokari ya Mlango wa Mbele

Ndugu msikilizaji wa Koni, wa Mwadingusha, wa Likasi na kandokando yake, mazungumzo ya leo yanahusu motokari isiyo na mlango hata mmoja ubavuni. Dereva anaijia kwa mbele, anashika kitasa, anavuta, na uso mzima wa gari unafunguka kama mlango wa friji, usukani nao ukiufuata mlango. Anaingia, anageuka, anakaa kwenye benchi moja na mwenzake, kisha anaurudisha uso mahali pake. Gari lenyewe lina urefu wa mita 2.28. Likiegeshwa kichwa kikiwa ukingoni mwa barabara, abiria anashuka moja kwa moja kwenye njia ya wapita kwa miguu.

Hiyo ndiyo BMW Isetta. Leo BMW wanajulikana kwa magari ya wakubwa, yenye vioo vyeusi na sauti nzito. Lakini kati ya mwaka 1955 na 1962 walitengeneza zaidi ya Isetta 161,000, kila moja ikiendeshwa na injini ya pikipiki. Ya kwanza ilikuwa na cc 247 na nguvu za farasi 12, nayo ilifika kilomita 85 kwa saa kwenye barabara tambarare. Wala hawakuibuni wao. Walinunua haki ya kuitengeneza kutoka kwa kampuni ya Iso ya Italia, ambayo kabla ya hapo iliishi kwa kuunda mafriji na pikipiki, na aliyeichora alikuwa Ermenegildo Preti, mhandisi wa ndege.

Wahandisi wa ndege watarudi tena na tena katika habari hii, na sababu yake ni ya kihistoria. Ujerumani ilishindwa vita mwaka 1945. Miji ilikuwa kifusi, chuma kilipatikana kwa shida, petroli pia, na washindi wa vita walipiga marufuku utengenezaji wa ndege mpaka mwaka 1955. Viwanda vilivyokuwa na mafundi hodari wa aluminiamu, rivet na vioo vya kupinda vikabaki bila kazi. Nje ya viwanda hivyo kulikuwa na mamilioni ya watu waliokwenda kazini kwa baiskeli au pikipiki, wakinyeshewa mvua na kupigwa na theluji, ambao motokari kamili ilikuwa ndoto kwao. Katikati ya miaka ya 1950 Volkswagen ya kawaida kabisa iliuzwa kwa takriban marka 3,800. Isetta ilikuwa kama marka 2,600. Tofauti hiyo ilikuwa mishahara ya miezi kadhaa ya mfanyakazi.

Sheria nayo ilisaidia. Leseni ya pikipiki ya zamani ilimruhusu mtu kuendesha chombo chochote chenye injini isiyozidi cc 250, na waliokuwa wameipata waliendelea kuwa na haki hiyo hata baada ya utaratibu kubadilishwa mwaka 1954. Ndiyo maana injini za vigari hivi zinakusanyika chini ya mstari huo: 247, 245, 248. Mchoraji alikuwa na karatasi ya sheria mezani kabla ya kuchukua penseli.

Sasa tumwendee Fritz Fend, ambaye kati ya wote ndiye mwenye habari ya kumgusa msikilizaji wa Kongo. Fend alikuwa fundi wa ndege. Vita ilipokwisha alianza kuunda kigari cha magurudumu matatu kwa ajili ya watu waliopoteza miguu vitani. Alikiita Flitzer. Cha kwanza hakikuwa na injini: mwenye kukiendesha alisukuma na kuvuta usukani kwa mikono yake, na nguvu hiyo ndiyo iliyozungusha gurudumu. Baadaye akakitia injini ndogo. Kisha akaona jambo ambalo hakulitegemea: watu wazima wenye miguu yao yote walianza kukitaka, kwa sababu kilikuwa na paa na kilikula petroli kidogo.

Yeyote aliyepita mpakani Goma, au bandarini Kinshasa kwenye kivuko cha kwenda Brazzaville, amewaona walemavu wetu juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, zimepakiwa mizigo kupita kiasi, wakizungusha kwa mikono huku vijana wakisukuma nyuma. Vyombo vile vimechomelewa na mafundi wa mtaani. Vinabeba mzigo ambao gari dogo lingeukataa. Wazo la Fend mwaka 1948 na wazo la fundi wa Goma ni mamoja. Tofauti ni kwamba Fend alipata mlango wa kubisha.

Mlango huo ulikuwa wa Willy Messerschmitt, mtengenezaji wa ndege za kivita, ambaye kiwanda chake cha Regensburg hakikuwa na ndege ya kutengeneza. Mwaka 1953 wakatoa KR175, na mwaka 1955 KR200, iliyoendelea mpaka 1964. Watu wawili walikaa mmoja nyuma ya mwingine, chini ya kifuniko kinachopitisha mwanga kila upande, ambacho kilifunguliwa kwa kulazwa ubavuni. Injini ya cc 191 ilikuwa nyuma. Ili kurudi nyuma, dereva alizima injini na kuiwasha izunguke kinyume, na hapo gia zote nne zikawa za kurudi nyuma. Kwa kuwa gari lilikuwa jembamba na jepesi, lilikata upepo vizuri na kufika karibu kilomita 90 kwa saa kwa nguvu za farasi kumi tu.

Hapa kuna uzushi wa kuondoa. Imesemwa mara nyingi kwamba vifuniko vile vilikuwa mabaki ya ndege za vita, vilivyobaki ghalani vikachomekwa juu ya magurudumu matatu. Si kweli. Kifuniko kilitengenezwa kwa ajili ya gari lile. Kilichotoka kwenye ndege kilikuwa ujuzi: namna ya kupunguza uzito, kumkalisha mtu mahali padogo bila kumwumiza mgongo, na kupinda kitu kinachopitisha mwanga bila kukivunja. Mwandishi wa mazungumzo haya anaona jambo hilo lina uzito kuliko hadithi ya mabaki, maana ghala la mabaki huisha, na ujuzi uliomo mikononi mwa watu haukuisha hata kiwanda kilipofungwa.

Walikuwapo wengine. Ernst Heinkel, naye wa ndege, alitoa kigari chake cha yai mwaka 1956. Zündapp wa Nuremberg, watu wa pikipiki, walitoa Janus mwaka 1957, yenye mlango mbele na mlango mwingine nyuma, abiria wakikaa wamepeana migongo. Mchoro wake wa awali ulitoka kwa Dornier, kampuni nyingine ya ndege. Zilitengenezwa 6,902 tu, na ni rahisi kuelewa: nani anataka kwenda safari akitazama alikotoka?

Aliyefanikiwa kuliko wote hakutoka kwenye ndege, alitoka shambani. Hans Glas wa Dingolfing, katika Bavaria, alikuwa akitengeneza mashine za kupandia mbegu. Mwaka 1951 akaanza skuta, na mwaka 1955 akatoa Goggomobil, lenye magurudumu manne, milango miwili ya kawaida na viti vinne, ingawa viwili vya nyuma vilifaa zaidi watoto. Zaidi ya 280,000 zilitoka kiwandani mpaka 1969. BMW walikuja kuinunua kampuni ya Glas mwaka 1966, na Dingolfing leo ni mmoja wa miji mikuu ya kazi za BMW. Mji huo uliingia katika biashara ya magari kupitia mashine ya kupandia mbegu na injini ya cc 250.

Kisha pesa ziliongezeka mifukoni. Volkswagen zilizotumika zikapatikana kwa bei nafuu, Fiat wakatoa gari lao la 500 mwaka 1957, Waingereza wakatoa Mini mwaka 1959, na hayo yote yalikuwa magari kamili. Mjerumani aliyekuwa akimpakia mkewe nyuma ya mgongo wake katika Messerschmitt akataka kukaa naye ubavu kwa ubavu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 vigari vingi vilikuwa vimefika kwenye vyuma chakavu.

Lakini ukoo wao haukufa. Ulihamia kwetu. Bajaji ya Dar es Salaam na tuktuk ya Mombasa zinatokana na Piaggio Ape, iliyotoka Italia mwaka 1948 kwenye kampuni ambayo nayo iliunda ndege kabla ya vita, ikichorwa na Corradino D'Ascanio, mtu aliyekuwa amejenga helikopta. Hata Wajerumani wamo: gari la mizigo la magurudumu matatu la Tempo, kutoka Hamburg, lilianza kutengenezwa India kwa leseni mwishoni mwa miaka ya 1950 na kampuni ya Bajaj Tempo. Ulaya walipopata pesa waliacha wazo hili. India waliliendeleza. Afrika Mashariki tumelinunua tayari limekamilika, ndani ya kontena.

Na hapo ndipo swali la Koni linapoanza: kwa nini sisi tununue tu, tusiunde?

Mwaka 1950, mwaka uleule ambao Carl Borgward wa Bremen alianza kuuza Lloyd LP 300, kigari chenye mwili wa mbao uliovikwa ngozi bandia kwa kukosa chuma, mitambo ya Koni ilianza kuzalisha umeme kwa maji ya Lufira, yale yale yaliyokwisha kupita Mwadingusha. Megawati 42. Umeme huo haukuwekwa kwa ajili ya taa za wanakijiji. Ulikwenda kwenye viwanda vya kampuni ya migodi ya Union Minière, kwanza kabisa Likasi, wakati huo Jadotville, ambako kiwanda cha Shituru kilikuwa kikisafisha shaba kwa umeme tangu mwaka 1929. Huko Kipushi palichimbwa shaba pamoja na zinki, na Kolwezi kikajengwa kiwanda cha kusafisha zinki kwa umeme katika miaka hiyo hiyo ya 1950.

Msikilizaji atauliza, zinki ina uhusiano gani na motokari ndogo? Ina uhusiano mkubwa, maana vigari hivi vilipokufa barabarani vilizaliwa upya vikiwa vidogo zaidi, na mwili wao mpya ulikuwa wa zinki.

Wenye kuunda vitu vya kuchezea hawakungoja magari yafe. Isetta bado ikiwa barabarani, Bandai wa Japani waliiunda kwa bati. Spot-On, waliofanya kazi Belfast, walitoa Isetta na Goggomobil kwa kipimo cha 1 kwa 42. Corgi wa Wales walitoa Heinkel mwaka 1962. Baadaye, magari yenyewe yalipokuwa adimu, walikuja watengenezaji wanaowalenga watu wazima. Revell walitoa Isetta na Messerschmitt kwa kipimo cha 1 kwa 18, kubwa za kutosha kuonyesha mshono wa kiti. Nuremberg, mji wa Zündapp Janus, ndio pia mji ambako Schuco, kampuni ya vigari vya mfano, ilianzishwa mwaka 1912.

Chukua kipimo cha 1 kwa 43, kinachopendwa na wakusanyaji wengi. Gari kubwa la mita tano linakuwa na sentimita kumi na moja na nusu hivi. Isetta inakuwa na sentimita tano na nukta tatu, inatosha kulala kwenye vidole viwili. Mwenye kuweka kabati lake kwa kipimo kimoja anaona kwa macho yake jambo ambalo picha za vitabuni huficha: udogo halisi wa vyombo hivi karibu na Mercedes ya waziri wa wakati ule. Ndiyo faida ya modeli iliyopimwa vizuri. Inasema kweli kuhusu ukubwa.

Modeli nyingi za chuma hutengenezwa kwa mchanganyiko uitwao Zamak. Jina hilo limeunganishwa kutoka majina ya Kijerumani ya zinki, aluminiamu, magnesi na shaba. Sehemu kubwa ni zinki, aluminiamu kama asilimia nne, na vingine kidogo sana. Huyeyuka kwa joto la chini, humiminwa ndani ya kalibu kwa shinikizo, na hutoa mistari myembamba ya milango na taa. Ila una adui mmoja. Zinki ikiwa na risasi kidogo tu ndani yake, modeli huanza kuoza baada ya miaka: inavimba, inapasuka, mwishowe inasagika kuwa unga kwenye rafu, bila kuguswa na mtu. Wakusanyaji wanauita ugonjwa huo tauni ya zinki, na hauna dawa. Kinga pekee ni zinki safi tangu mwanzo, na zinki safi namna hiyo ndiyo inayopatikana kwa kusafishwa kwa umeme. Kazi ya namna hiyo Katanga iliijua na kuifanya. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993 na kurudi kutoa zinki mwaka 2024, na inayotoka sasa inasafirishwa ikasafishwe mbali.

Kwa hiyo nchi hii ilikuwa na zinki, shaba, umeme, na mafundi wa kalibu. Hata hivyo, kigari cha mfano cha chuma hakikutengenezwa hapa. Kilichotengenezwa hapa, na kinachotengenezwa mpaka leo, ni kingine.

Tembea kambi yoyote ya wafanyakazi kati ya Likasi na Kolwezi mchana wa likizo. Utaona mtoto akitembea wima, ameshika usukani wa waya ulio juu ya fimbo ndefu, na mbele ya miguu yake motokari inakwenda. Imeundwa kwa waya wa chuma uliotolewa kwenye uzio au kwenye tairi lililochomwa. Magurudumu yamekatwa kwenye malapa yaliyoisha, au ni vifuniko vya mikebe. Viungo vimefungwa kwa vipande vya mpira. Fimbo ikizungushwa, magurudumu ya mbele yanakata kona kwelikweli, maana mtoto ameunda ekseli inayogeuka na kuiunganisha na usukani. Aliyetumia kalibu ya kiwanda hakulazimika kulifikiria jambo hilo. Mtoto amelifikiria, amelijaribu, waya umekatika, amelijaribu tena.

Zaidi ya hapo, mtoto huyu hana mchoro. Amelitazama lori likipita kwenda Kasumbalesa, amehesabu magurudumu yake, amekumbuka kioo kinavyoinama na mahali pa bomba la moshi. Rafiki zake wanaona kosa mara moja: wanamwambia kwamba hilo si lori la Howo, Howo lina pua nyingine. Ukaguzi huo hauna tofauti na ule wa mkusanyaji wa Nuremberg anayekataa kununua Isetta ya mwaka 1957 kwa sababu imewekewa madirisha ya mwaka 1955.

Wasanii wa Lubumbashi waliuona uzito wa kazi hiyo. Mwaka 2019 Jean Katambayi Mukendi, Sammy Baloji na Daddy Tshikaya waliunda gari la Tesla kwa nyaya za shaba, kwa ukubwa wa gari lenyewe, wakifuata mtindo wa motokari za waya za watoto. Katambayi ni fundi umeme aliyegeuka msanii, na miaka mingi amekuwa akijenga mitambo kwa makaratasi magumu na nyaya. Gari lile halina injini wala betri. Anayelitazama anaona mifupa ya chombo ambacho shaba na kobalti ya Katanga hukisukuma huko ughaibuni, kimechorwa hewani na mikono ya Katanga. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna modeli ya gari iliyotengenezwa katika karne hii yenye maana kuliko hiyo.

Ulaya yenyewe imeanza kurudi nyuma kwenye udogo. Familia moja ya Uswisi imetoa Microlino, gari la umeme la watu wawili ambalo mlango wake, ndiyo, uko mbele, kwa heshima ya Isetta. Ufaransa inauza Citroën Ami tangu mwaka 2020, na kijana wa miaka kumi na minne anaruhusiwa kuiendesha. Sababu ni zile zile za mwaka 1955: petroli ghali na watu wanaotaka paa juu ya vichwa vyao. Vyombo hivyo vinahitaji shaba nyingi kwenye mota na nyaya, na betri ya kiasi. Havihitaji kiwanda kikubwa kama cha lori.

Majirani wamejaribu. Kenya ilionyesha Nyayo Pioneer mwaka 1990, gari lililoundwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao, mradi ukafa kwa kukosa fedha. Uganda, vijana wa Makerere waliendesha Kiira EV mwaka 2011, gari la umeme la watu wawili, na kazi ile ikazaa kampuni inayounda mabasi. Wote wawili walianza kwa kutaka gari linalofanana na gari. Fend alianza na magurudumu matatu na mtu asiye na miguu, akimuuliza anahitaji nini.

Basi kuna ombi kwa walimu wa shule za ufundi za Likasi, na kwa wazazi wa Koni. Motokari ya waya isichukuliwe kama takataka ya uani inayotupwa mtoto akifika kidato cha kwanza. Ipelekwe darasani. Mwanafunzi apewe futi, waya, na kipimo cha 1 kwa 10, aambiwe aunde chombo cha kubeba watu wawili na mfuko mmoja wa makaa kutoka Koni mpaka Likasi wakati wa mvua, kwenye barabara kama ilivyo. Aulizwe gurudumu liwe na kipenyo gani ili lisizame kwenye tope. Aulizwe betri itakaa wapi maji yasiifikie. Na atakapopata jibu, fundi wa kuchomelea wa mtaani aalikwe siku hiyo aje kuitazama kazi, kwa maana yeye ndiye anayejua bomba la inchi moja linainama vipi, na ndiye atakayeitengeneza ile ya ukubwa kamili.